SOMO LA KIINGEREZA: KULINGANISHA, KULAZIMISHA NA KURUHUSU



 Ndugu wanafunzi, katika jarida letu la mwaka huu nimepewa kurasa hizi niandike somo la Kiingereza. Nimechagua mambo matatu ambayo kila mara nayaona yanawatatiza: kulinganisha vitu, kueleza lililo lazima, na kueleza lililoruhusiwa.

Huenda mmoja wenu akauliza: Kiingereza na madrasa, wapi na wapi? Nitamjibu kwa kisa. Siku moja katika mwezi wa Ramadhani tulitembelewa na wageni wasiojua Kiswahili. Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la juu, ambaye Fiqhi yake ni nzuri sana, akaombwa awaeleze hukumu za saumu. Alieleza vizuri mpaka akafika kwa msafiri. Kichwani mwake alikuwa na maneno haya: "Si lazima msafiri afunge." Mdomoni yakatoka haya: "A traveller must not fast." Mgeni mmoja, mama wa Kiislamu aliyetoka mbali na ambaye siku ile alikuwa amefunga, akashtuka. Akauliza kama saumu yake ilikuwa haramu. Kijana wetu akanyamaza, kwani hakujua swali lile limetoka wapi.

Fiqhi yake haikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa katika maneno mawili tu ya Kiingereza, lakini maneno mawili yaligeuza ruhusa ikawa katazo. Lawama ni yetu walimu, kwa sababu tulimwambia kwamba "must" ni lazima na "not" ni si, tukaishia hapo. Somo hili ni kulipa deni hilo.

Nataka mjue jambo moja tangu mwanzo. Mwanafunzi wa madrasa haanzi mambo haya mikono mitupu. Katika Sarfa mmesoma jinsi Kiarabu kinavyolinganisha, na katika Fiqhi mmesoma hukumu tano. Ukiviweka vitu hivyo viwili karibu yako, sehemu hii ya sarufi ya Kiingereza itakuwa nyepesi, inshaallah.

SEHEMU YA KWANZA: KULINGANISHA

Katika Kiswahili kivumishi hakibadiliki tunapolinganisha. Tunasema "Ali ni mrefu", kisha "Ali ni mrefu kuliko Omari", na "Ali ni mrefu kuliko wote". Neno "mrefu" limebaki vile vile. Kwa sababu hiyo wengi huandika "Ali is tall than Omar", na hilo ni kosa. Kiingereza kinataka kivumishi chenyewe kibadilike, kama kinavyobadilika katika Kiarabu. Kumbuka "kabiir" inavyokuwa "akbar". Hiyo ndiyo ismu tafdhili, na Kiingereza nacho kina yake.

(a) Maneno mafupi, yenye silabi moja. Ukilinganisha viwili, ongeza "-er" na umalizie kwa neno "than". Ukitaka kusema kimoja kimevishinda vyote, tanguliza "the" na uongeze "-est".

"Surat Aal Imran is longer than Surat Yasin." = Surat Aal Imran ni ndefu kuliko Surat Yasin. (Aya 200 kwa aya 83.)
"Surat al-Baqara is the longest sura in the Qur'an." = Surat al-Baqara ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. (Aya 286.)

Neno "than" lifanye kama "min" ya Kiarabu: ndilo linalokipokea kile unacholinganishia.

Zingatia maandishi. "Large" tayari ina "e", basi huwa "larger, largest". "Big" ina irabu moja ikifuatwa na konsonanti moja, basi konsonanti hurudiwa: "bigger, biggest". "Heavy" huishia na "y", basi "y" hugeuka "i": "heavier, heaviest".

(b) Maneno marefu. Neno likiwa na silabi tatu au zaidi, na mengi ya silabi mbili, hatuliongezi kitu mwishoni. Tunatanguliza "more" au "the most".

"Arabic is more difficult than Swahili for her." = Kwake yeye Kiarabu ni kigumu zaidi kuliko Kiswahili.
"Praying in congregation is more rewarding than praying alone." = Kusali jamaa kuna thawabu zaidi kuliko kusali peke yako.

Mliofika mbele katika Sarfa mtakumbuka kwamba Kiarabu nacho kina maneno yasiyokubali kupimwa moja kwa moja kwa kipimo cha "af'al". Hapo Mwarabu huleta neno la kusaidia, kama "akthar" au "ashadd", kisha hutaja sifa yenyewe. "More" inafanya kazi hiyo hiyo. Na kama usivyoweza kuvitumia vipimo viwili kwa pamoja, usiandike "more longer" wala "more bigger". Chagua kimoja.

(c) Maneno yasiyofuata kanuni. Haya hayana njia ila kuyahifadhi:

good – better – the best
bad – worse – the worst
many, much – more – the most
little – less – the least

Msiwalaumu Waingereza. Kiarabu nacho kina "khayr" na "sharr", ambayo yana maana ya bora zaidi na mbaya zaidi bila kuvaa umbo la "af'al". Inaelekea maneno yanayotumika sana kila siku ndiyo yanayokataa kufuata kanuni.

(d) Vitu vikiwa sawa. Hapa tumia "as ... as". Ukikataa, sema "not as ... as".

"Surat al-Asr has as many verses as Surat al-Kawthar." = Surat al-Asr ina aya sawa na Surat al-Kawthar. (Kila moja ina aya 3.)
"Surat Aal Imran is not as long as Surat al-Baqara." = Surat Aal Imran si ndefu kama al-Baqara.

Neno la mwisho hapa ni tofauti ya "fewer" na "less". Kinachohesabika hutumia "fewer": "Surat al-Falaq has fewer verses than Surat an-Nas", kwani ya kwanza ina aya 5 na ya pili ina aya 6. Kisichohesabika hutumia "less": "less water", "less rice", "less time". Mtu anayetawadha aambiwe "Use less water", kwani maji hayahesabiki moja, mbili, tatu.

SEHEMU YA PILI: KULAZIMISHA

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili: lazima, sharti, hapana budi, yapasa, inabidi. Kiingereza kina mawili makubwa, "must" na "have to".

"Must" haibadiliki. Haichukui "s" wala haifuatwi na "to". Sema "He must pray", usiseme "He musts pray" wala "He must to pray". Lakini "have to" hubadilika kwa mtendaji: "I have to go", "she has to go".

Yana tofauti ndogo katika maana. Anayesema "must" mara nyingi anatoa amri yeye mwenyewe, au anaandika sheria. Anayesema "have to" mara nyingi anaeleza kwamba hali au mtu mwingine ndiye aliyemlazimisha. Mwalimu anasema: "You must come early." Mwanafunzi akifika nyumbani anamwambia mama yake: "I have to go early tomorrow." Tofauti hii si kali, na mara nyingi huweza kutumia lolote.

Penye ukali ni katika wakati. "Must" ya kulazimisha haina wakati uliopita. Usiseme "Yesterday I must go to the hospital." Sema "Yesterday I had to go to the hospital." Na kwa wakati ujao, "I will have to go."

Chini ya "must" yapo "should" na "ought to". Haya ni ya nasaha, si ya amri. "You should sleep early" maana yake ni vizuri ulale mapema. Usipolala hujavunja sheria, ila umeacha lililo bora. Tazameni kwamba "ought" hufuatwa na "to" na "should" haifuatwi.

SEHEMU YA TATU: KURUHUSU

Hapa maneno ni "may", "can" na "be allowed to".

"May" ni ya adabu na ya maandishi ya sheria. "Can" ni ya mazungumzo ya kawaida. Mtu akiomba ruhusa kwa mwalimu wake, adabu ni kutumia "may". Wengi wenu husema "Ustadh, I am asking permission to go out", kwa sababu mnafasiri "Naomba ruhusa nitoke". Hakuna ubaya, lakini Mwingereza husema kwa ufupi: "May I go out, please?" Anayeruhusu hujibu "Yes, you may." Akikataa husema "No, you may not", au kwa upole zaidi, "I'm afraid not."

Ukitaka kueleza ruhusa iliyotolewa zamani kwa tukio moja, tumia "was allowed to": "He was allowed to go home because he was sick."

Tanbihi: "may" ina kazi nyingine mbili, msizichanganye. Ya kwanza ni huenda: "It may rain" = huenda mvua ikanyesha. Ya pili ni dua: "May Allah have mercy on him" = Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika dua, "may" hutangulia mbele kabisa, na hakuna alama ya kuuliza mwishoni.

SEHEMU YA NNE: HAPA NDIPO PALIPOMKWAZA MWENZETU

Sasa turudi kwa msafiri wetu. Someni sentensi hizi mbili za Kiswahili polepole:

1. Si lazima ufunge.
2. Lazima usifunge.

Maneno ni karibu yale yale, ila "si" imehama. Katika ya kwanza "si" imekaa kabla ya lazima, basi kinachokataliwa ni ulazima wenyewe. Ulazima umeondoka, na wewe una hiari: ukitaka funga, hutaki acha. Katika ya pili "si" imeingia ndani ya kitenzi, basi ulazima umebaki, na kinacholazimishwa ni kutofunga. Hilo ni katazo.

Kiingereza kina sentensi mbili kama hizo:

1. "You do not have to fast." = Si lazima ufunge.
2. "You must not fast." = Lazima usifunge, yaani ni marufuku kufunga.

Katika "must not", neno "not" limeshikana na kitenzi kinachofuata, halikushikana na "must". Hiyo ndiyo siri yote. Ukiona "must not", isome kichwani mwako kama "lazima usi-". Na ukitaka kusema "si lazima", chukua "do not have to", "does not have to", au neno fupi "need not".

Je, "may not" nayo? Hapa "not" inakataa ruhusa yenyewe: "You may not enter" = huruhusiwi kuingia. Kwa hiyo "must not" na "may not" zote mbili ni makatazo, ingawa zimefika kwa njia mbili. Kinachobaki peke yake upande wa hiari ni "do not have to".

Sasa pimeni kwa Fiqhi yenu. Watu wawili hawakufunga siku moja ya Ramadhani. Mmoja ni msafiri, wa pili ni mwanamke aliye katika hedhi. Kwa macho wote wako sawa, wanakula mchana na watalipa siku zao baadaye. Lakini hukumu zao si moja:

"A traveller does not have to fast, but he may." = Si lazima msafiri afunge, lakini anaruhusiwa.
"A woman in her period must not fast." = Mwanamke aliye katika hedhi haruhusiwi kufunga.
"They must both make up the days later." = Wote wawili ni lazima walipe siku hizo baadaye.

Na tazameni sala ya Ijumaa. "Women do not have to attend the Friday prayer, but they may." Andika "must not" mahali hapo, nawe utakuwa umewafungia mama zako na dada zako mlango ambao sheria haikuufunga. Ndiyo maana nasema sarufi hii si mchezo. Anayesimama kueleza dini kwa lugha ya watu amebeba amana.

HUKUMU TANO KWA KIINGEREZA

Jedwali hili liwekeni katika madaftari yenu. Neno la mwisho katika kila mstari ndilo mtakalolikuta katika vitabu vya Fiqhi vya Kiingereza.

Wajibu: "must", "have to" – "obligatory".
Sunna: "should" – "recommended".
Mubaha: "may", "can" – "permissible".
Makruhu: "should not" – "disliked".
Haramu: "must not", "may not" – "forbidden".

Mfano kwa siku za kufunga: "We must fast in Ramadan." "We should fast on Mondays and Thursdays, but we do not have to." "We must not fast on the day of Eid." Mambo matatu, maneno matatu, na kila moja limekaa mahali pake.

Jihadharini na kosa la upande wa pili pia. Wako wanaoona "must" ni neno kali, wakalainisha wakasema "Muslims should pray five times a day." Msikilizaji atafahamu kwamba sala tano ni nasaha njema, mwenye kupenda ataswali. Fardhi ipewe "must". Wala usiipe sunna "must", ukawabebesha watu mzigo ambao sheria haikuwabebesha.

Nje ya Fiqhi mambo ni yale yale. Katika chumba cha mtihani mtaambiwa "You must answer all the questions in Section A", kisha "You may choose any two questions in Section B." Asiyetofautisha atajibu maswali machache penye lazima, au atapoteza muda kujibu yote penye hiari. Mgonjwa anayengojea kupasuliwa akiambiwa "You must not eat tonight", naye akafahamu kwamba si lazima ale, anaweza kuhatarisha maisha yake kwa sahani moja ya wali.

ZOEZI

Jibuni bila ya kutazama majibu. Atakayekosa zaidi ya matatu arudie somo tangu mwanzo.

A. Sahihisha makosa:
1. This bag is heavy than that one.
2. Fatma is more taller than Zaynab.
3. He must to study hard.
4. Yesterday we must walk home.
5. Today is the most bad day of the week.

B. Fasiri kwa Kiingereza:
6. Si lazima uje kesho.
7. Huruhusiwi kula darasani.
8. Ustadh, naomba ruhusa ninywe maji.
9. Juma si mrefu kama kaka yake.

C. Chagua jibu sahihi:
10. A very sick person (must not / does not have to) stand in prayer. He may sit.

MAJIBU

1. This bag is heavier than that one.
2. Fatma is taller than Zaynab.
3. He must study hard.
4. Yesterday we had to walk home.
5. Today is the worst day of the week.
6. You do not have to come tomorrow. Pia: You need not come tomorrow.
7. You may not eat in class. Pia: You must not eat in class.
8. Ustadh, may I drink some water, please?
9. Juma is not as tall as his brother.
10. does not have to. Mgonjwa asiyeweza kusimama ameondolewa ulazima wa kusimama. Hakuambiwa kwamba kusimama ni haramu.

MWISHO

Ndugu wanafunzi, yule mwenzenu wa kisa chetu hakukata tamaa. Siku ya pili alikuja kwangu na daftari, akaniomba nimuandikie tofauti ya maneno yale mawili. Alipoielewa alisikitika kwamba wageni wamekwishaondoka na hana njia ya kumwambia yule mama kuwa saumu yake ilikuwa sahihi. Wenyeji wengine walikwisha kumfahamisha, alhamdulillahi, lakini yeye alitamani amfahamishe kwa kinywa chake.

Basi jifunzeni kabla ya kuulizwa. Na yeyote ambaye hana hakika ya neno, asione haya kusema "I am not sure, let me ask my teacher." Sentensi hiyo nayo ihifadhini, itawafaa katika Kiingereza na katika dini.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa.